Nafasi Nane za Mwisho

Neno lilikuwa moja tu, na lilikaa pembeni kabisa mwa skrini, mahali ambapo macho ya mtu huwa yameshachoka kusoma. M-SWETA. Lilikuwa mwisho wa mstari ambao Mgeni aliuandika kwa mikono yake asubuhi ile, na neno hilo hakuliandika yeye.

Alilifuta. Akaenda kunawa uso, akarudi, akalikuta.

"Kuna mtu amekaa hapa?" aliuliza.

Chumbani mlikuwa na mtu mwingine mmoja, mwanamke wa usafi ambaye hospitali nzima ilimwita Shangazi. Alikuwa amepiga magoti akitoa vumbi chini ya printa.

"Akae nani hapo?" alisema bila kuinua kichwa. "Kiti hicho hata mimi sikikalii, na miguu inaniuma tangu nizaliwe."

Walimwita Mgeni kwa sababu alikuwa na wiki tatu tu pale, na kwa sababu katika chumba kile cha kompyuta mtu huitwa mgeni mpaka aje mwingine. Alifikiri Shangazi anatania. Akacheka kidogo, akafuta tena lile neno, akaendelea na kazi.

Kazi ya chumba ilikuwa karatasi za wodi. Mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa nane mchana, printa ilitoa karatasi ya kila wodi: kitanda, jina la mgonjwa, dawa anazopewa, na mwisho safu iliyoitwa HATARI, yenye dawa ambazo mgonjwa huyo akipewa zinaweza kumuua. Wauguzi hawawezi kubeba kichwani dawa za watu mia nne. Waliiamini karatasi.

Programu iliyotoa karatasi hizo iliandikwa kwa lugha ya zamani, Kobol, na ndani yake ilipandikizwa mistari ya lugha nyingine, SQL, ya kuongea na hifadhidata ya wagonjwa. Kobol haielewi SQL. Kwa hiyo kila programu ilipojengwa upya, ilibidi kijiprogramu kingine kitangulie kuisoma, kiondoe kila mstari wa SQL na kuweka mahali pake maneno ambayo Kobol inayajua. Ofisini walikiita Mtangulizi. Mtangulizi hana akili, ana utii. Husoma kama faili lake la maagizo linavyomwambia, na agizo moja ni la ukingo: asome kila mstari mpaka nafasi ya ngapi.

Mstari una nafasi themanini, kila herufi nafasi yake. Mgeni alifundishwa kwamba ukingo ni sabini na mbili, na kwamba zile nane za mwisho ni za waandishi wenyewe, waweke alama zao, kama fundi seremala anavyochora alama yake nyuma ya kabati. Mashine haizisomi. Lakini pale hospitalini agizo lilisema themanini, na kuweka alama pembeni kulikatazwa. Siku yake ya kwanza aliuliza sababu, akaambiwa ndivyo ilivyo.

Siku zile hospitali ilikuwa inahamia hifadhidata mpya, wodi baada ya wodi, kwa hiyo programu ilijengwa upya kila mchana kati ya saa saba na saa nane. Saa saba ilipofika, Mgeni alimwita Mtangulizi aanze. Mtangulizi alifika mstari wa mia mbili na kumi na mbili, akakataa.

NENO M-SWETA HALIELEWEKI.

"Mkuu," Mgeni aliita. "Hebu njoo uone."

Mkuu wa chumba alikuwa mwanamume mnadhifu aliyeweka kalamu nne katika mfuko wa shati, nyeusi, bluu, nyekundu na kijani, na nyuma ya mgongo wake wote walimwita Kalamu Nne. Alikuja akitafuna karanga. Alipoisoma skrini, aliacha kutafuna.

"Futa," alisema.

"Nimefuta mara mbili, Mkuu. Ni alama ya nani?"

"Nimesema futa."

Alisimama pale mpaka neno likafutika na programu ikajengwa. Kisha akarudi mezani kwake, na Mgeni akaona kwamba zile karanga alizimwaga kwenye kapu la taka, zote.

*

Kesho yake neno lilikuwa kwenye mistari minne. Keshokutwa, kumi na moja.

Saa saba mchana hospitali ile hunyamaza kuliko usiku. Wauguzi wako zamu ya kula, wageni wa wagonjwa wametolewa nje, na jua limesimama juu ya mabati bila kivuli. Mgeni alikuwa peke yake, anafuta alama moja moja, aliposikia tik.

Kisha tik, tik.

Ilikuwa sauti ndogo ya vyuma viwili vyembamba vinavyogongana, na ilitoka nyuma ya bega lake la kulia. Aligeuka. Ukuta. Alirudi kwenye skrini, na sauti ikarudi palepale, nyuma, kulia, karibu zaidi kuliko mwanzo. Akajiambia ni feni, ingawa feni ilikuwa imeharibika tangu asubuhi. Harufu ikamjia, ya sufi iliyolowa, kama sweta lililoanuliwa kabla ya kukauka na kufungiwa sandukuni, ikapanda taratibu mpaka akaionja ulimini, na hapo akahisi kwamba kiti alichokalia, ambacho kilikuwa cha chuma na siku zote kilikuwa baridi, sasa kilikuwa na joto, joto la mapaja ya mtu mwingine, kana kwamba hakukalia kiti bali alikuwa amepakatwa.

Aliinuka akakimbilia ukumbini. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, anakunywa maji.

"Umepakatwa," Shangazi alisema, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

"Umejuaje?"

"Nakuona unavyojipapasa mapaja. Kaa hapa, mwanangu. Kaa nikwambie, maana hao wengine hawatakwambia."

Alishusha sauti mpaka Mgeni akalazimika kuinama.

"Kiti kile kilikuwa cha Mama Sweta. Mwandishi bora wa programu kuliko wote waliopita hapa. Ile programu ya wodi ni yake. Wakati wa mapumziko hakula, alifuma. Visweta vya watoto wa wodi ya sita. Kila mtoto aliyelazwa pale aliondoka na kisweta. Sasa siku moja, mwaka wa tatu huu, karatasi ya wodi ya sita ikatoka na safu ya HATARI tupu. Wodi nzima, tupu kama kiganja changu. Mtoto wa kitanda cha tisa akachomwa sindano ambayo kwake ni sumu. Hakufika jioni. Kisweta chake Mama Sweta alikuwa nacho mkononi wakati anaambiwa, kimebaki mkono mmoja."

"Programu ilikosea?"

"Ndivyo alivyosema Kalamu Nne. Kikao kilikaa, wakubwa wote mezani, mimi napita na chai. Kalamu Nne akasema, programu ni yake, mstari ni wake, kosa ni lake. Mama Sweta alisema neno moja tu. 'Usomeni mstari wangu mpaka mwisho.' Nani asome? Wakamfukuza siku ileile. Baada ya miezi kumi akafa kwa moyo. Kutoka hapa kazini nilienda kuzika mimi peke yangu."

Shangazi alimwaga maji yaliyobaki kikombeni.

"Ukoo wao una jini wa kurithi. Hukaa na mwanamke mmoja kila kizazi, humlinda. Mama Sweta hakuacha binti. Pale kaburini mama yake mzazi alinishika mkono, akaniambia hivi: 'Mwanangu amelala. Aliyekuwa naye hajalala.'"

Mgeni alitaka kusema hayo ni maneno ya watu. Lakini mapaja yake yalikuwa bado na joto.

*

Siku iliyofuata alifanya jambo ambalo ofisini walishaacha kulifanya. Aliichapa programu yote kwenye karatasi pana, akaitandaza sakafuni, akaisoma kwa kidole. Mstari wa mia mbili na arobaini ndio uliomsimamisha. Ulikuwa wa SQL, wa kumwondoa mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, na maana yake kwa lugha ya kawaida ilikuwa hivi: futa HATARI katika wodi fulani, na katika kitanda fulani. Ulikuwa mrefu. Ule "wodi fulani" uliishia nafasi ya sabini na moja. "Na kitanda fulani" ulikaa wote ndani ya nafasi nane za mwisho.

Mgeni alihesabu nafasi tena kwa kidole. Kwa ukingo wa themanini, mstari ulikuwa mzima. Kwa ukingo wa sabini na mbili, Mtangulizi angeishia kwenye "wodi", asilalamike hata kidogo, na programu ingefuta hatari za wodi nzima kila mtoto mmoja anapokwenda nyumbani.

Mama Sweta alijua. Ndiyo maana aliweka themanini, ndiyo maana alikataza alama. Siku ile kuna mtu aliusogeza ukingo mpaka sabini na mbili, watoto wakabaki bila kinga, kisha mtu huyo akaurudisha kimya.

Na sasa alama zilikuwa zinaongezeka kila siku. Mtangulizi alikuwa anazikataa kila siku. Na kila mwandishi aliyefundishwa vizuri, akichoshwa na kufuta, angefikiria dawa ileile rahisi: weka ukingo sabini na mbili, alama hazitasomwa, kazi itaendelea. Hata yeye jana ilimpitia akilini. Hazikuwa alama za kukumbusha tu. Ulikuwa mtego.

Aliukata mstari ule vipande viwili, vifupi, kila kimoja mbali na ukingo, akahifadhi. Akaenda msalani. Aliporudi, vipande vilikuwa vimeungana kuwa mstari mmoja mrefu, bila mshono. Akaukata tena. Akafumba macho, akahesabu mpaka ishirini huku vyuma vikilia tik, tik, tik kando ya sikio lake, akafumbua. Mmoja.

Kalamu Nne aliingia saa saba na nusu. Hakuwa amenyoa. Kitindamimba wake, binti wa miaka saba, alikuwa amelazwa tangu juzi kwa homa ya mapafu. Wodi ya sita ilikuwa imejaa isipokuwa kitanda kimoja, kwa hiyo alipewa hicho, cha tisa.

"Karatasi za saa nane ziko wapi?"

"Mtangulizi anakataa, Mkuu. Alama sasa ziko kwenye mistari arobaini."

"Basi weka sabini na mbili. Unangoja nini? Wodi zinangoja karatasi. Mwanangu yuko kule, ana dawa ambayo akipewa anakufa, na wewe unachezea alama."

"Sitaweka."

Kalamu Nne alimtazama kana kwamba kiti kimesema.

"Unajua unaongea na nani, binti?"

"Naongea na mtu aliyeweka sabini na mbili siku ile," alisema Mgeni. "Nimeusoma mstari wake mpaka mwisho, Mkuu."

Kalamu Nne alikaa. Hakukalia kiti, alikaa juu ya karatasi zilizotandazwa sakafuni, na kalamu zake zikagongana mfukoni.

"Nilikuwa na programu yangu ndogo," alisema baadaye, polepole. "Ina alama zangu pembeni. Mtangulizi aliikataa. Nikasogeza ukingo ili ipite, nikasahau kurudisha. Mchana ule programu ya wodi nayo ikajengwa kwa ukingo huo. Nilikumbuka jioni, wakati mtoto ameshakufa." Akajifuta uso. "Ningesema, wangenifunga. Nina watoto."

"Mama Sweta pia alikuwa na jina la kulinda," alisema Mgeni.

*

Siku hiyo karatasi ziliandikwa kwa mkono, wodi zote, kwa kunakili za asubuhi. Kesho yake saa saba kasoro Shangazi alimleta mtu. Alikuwa fundi cherehani mwenye duka nyuma ya soko, mzee mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni, na watu walisema hutoa majini kwa utulivu, bila ngoma wala kelele. Askari wa mlangoni alikuwa amemning'inizia kifuani kitambulisho kilichoandikwa MGENI.

"Sasa nimepumzika," Mgeni alisema kwa woga. "Amekuja mwingine."

Fundi alitabasamu, kisha akanusa hewa, tabasamu likaisha. Alikizunguka kile kiti mara moja. Akavuta uzi mweupe kutoka mfukoni, akaushika juu ya kiti ukining'inia. Feni ilikuwa imezimwa na dirisha limefungwa. Uzi ulielea ukaelekea kulia, ukajifunga kitanzi, ukajipitisha, ukajifunga cha pili.

"Mimi hutoa majini waliokosea njia," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hajakosea njia. Huyu amekuja mahali anapopajua. Binti, kaa hapo. Usiogope, anataka mdomo tu."

Mgeni alikaa. Joto la mapaja likampokea, mikono asiyoiona ikampita kiunoni ikafika mbele ya kifua chake ikaanza kufuma, na harufu ya sufi mbichi ikajaa puani, kooni, tumboni, mpaka hakujua pumzi anayovuta ni yake au ya aliyempakata, na mdomo wake ukafunguka bila yeye kuufungua, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, mtulivu, aliyezoea kutorudia maneno.

"Nimengoja wodi ya sita ijae," ilisema. "Nimengoja kitanda cha tisa kimpate mwenyewe."

Kalamu Nne, aliyesimama mlangoni, alishika ukuta.

"Bibi wa watu," Fundi alisema, "mtoto hajakosa. Sema unachotaka."

"Sitaki damu. Damu ilikwisha kumwagika. Nataka maneno. Juu ya kila karatasi ya wodi, saa nane leo, paandikwe nani aligusa ukingo. Aandike kwa vidole vyake. Wauguzi wasome, madaktari wasome, mama wa yule mtoto apelekewe asome. Nikiliona jina, naondoka."

"Na usipoliona?"

Vyuma viligonga mara mbili.

"Mimi nasoma mpaka mwisho," ilisema sauti.

Mgeni alianguka mbele, na Shangazi akamdaka.

"Umesikia mwenyewe," Shangazi alimwambia Kalamu Nne. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Zitumie hizo kalamu leo. Zote nne, na sijaona hata moja ikiandika ukweli."

Skrini ilikuwa safi. Alama zote zilikuwa zimetoweka, hata moja haikubaki. Na mstari wa mia mbili na arobaini ulikuwa umekatika vipande viwili, kama Mgeni alivyoukata jana. Kalamu Nne aliuona, akautazama kwa muda. Kisha akasema, "Niacheni peke yangu. Mtu haandiki jambo kama hili mbele za watu."

Wakatoka. Ni haki yake, walifikiri.

Akiwa peke yake aliandika. *Siku aliyokufa mtoto wa wodi ya sita, mwandishi hakukosea. Ukingo uliguswa na.* Aliandika kwa herufi kubwa, akaiweka sentensi ya pili kwenye mstari wake, akaisogeza kulia, akafunga nukuu kwenye nafasi ya sabini na mbili barabara. Jina lake la ukoo lina herufi sita. Kwa alama mbili za kunukuu, linaenea nafasi nane. Aliliweka huko, peke yake, pembeni kabisa. Kwa hiyo alikuwa ameandika. Hakuna jini angeweza kusema hakuandika.

Kisha akafungua faili la maagizo ya Mtangulizi, akafuta themanini, akaweka sabini na mbili, jina lisisomwe. Mstari wa hatari umeshakatwa vipande viwili, alijiambia. Hakuna wa kuumia safari hii.

Alikuwa akibonyeza kitufe cha kujenga aliposikia nyuma ya bega lake la kulia sauti ya mtu anayevuta uzi mrefu, na hakugeuka.

*

Saa nane kamili, Mgeni na Shangazi wakiwa wamerudi na Kalamu Nne amesimama mlangoni, printa ilianza. Tarishi alichukua karatasi za wodi zikiwa bado na joto, akaenda. Mgeni aliokota nakala ya ofisi. Alisoma kichwa cha karatasi: *ukingo uliguswa na*. Baada ya hapo, weupe.

"Ameliacha jina," alisema.

Shangazi alisogea. "Labda wino umeisha."

Lakini Mgeni alishafunua ukurasa wa wodi ya sita. Asubuhi ile mtoto wa kitanda cha pili alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Safu ya HATARI ilikuwa tupu kuanzia juu mpaka chini, kitanda cha kwanza mpaka cha ishirini na nne. Akaruka kwenye skrini. Mstari wa mia mbili na arobaini ulikuwa mmoja, mrefu, bila mshono.

Alikimbia, na Kalamu Nne alipouona uso wake alielewa akakimbia pia, wakapita ukumbi mrefu unaonuka dawa ya sakafu, wakapita lifti iliyoharibika, wakapanda ngazi mbilimbili, na kila ngazi Kalamu Nne aliyoikanyaga ilimjibu tik, na kila mlango uliokuwa kulia kwake ulinuka sufi, na alipofika juu moyo ulikuwa unampiga masikioni lakini sauti ya vyuma ilikuwa kubwa kuliko moyo.

Muuguzi wa zamu mpya alikuwa kitanda cha tisa. Alikuwa ameshaushika mkono wa mtoto, bomba la sindano tayari.

"Usimchome," Kalamu Nne alisema, akikosa pumzi. "Hiyo dawa inamdhuru."

Muuguzi aliangalia karatasi. "Hapa hakuna hatari yoyote, baba."

"Karatasi imekosea."

"Karatasi za hospitali hii hazikosei tangu yule mama afukuzwe. Mlitwambia wenyewe." Hakuutoa mkono wa mtoto. "Nani amekosea? Siwezi kuacha dozi ya daktari kwa neno la mzazi aliyechanganyikiwa. Niambie nani."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Mama walioketi kando ya vitanda, daktari mlangoni, watoto. Na kwenye mto wa kitanda cha tisa, karibu na kichwa cha binti yake, Kalamu Nne aliona mbonyeo, kama kiwiko cha mtu aliyekaa akisubiri.

"Mimi," alisema. "Leo ni mimi. Na siku ile pia nilikuwa mimi. Mama Sweta hakukosea."

Muuguzi alishusha bomba la sindano.

*

Kalamu Nne hakurudi ofisini tena. Jina lake lilisomwa mbele ya kikao kilekile, meza ileile, na Shangazi akapita na chai. Mgeni ndiye aliyeukata mstari wa mia mbili na arobaini kwa mara ya mwisho, na ulibaki vipande viwili. Juu ya programu aliandika mwandishi ni nani, jina kamili. Kiti kilipoa. Mlio wa vyuma haukusikika tena katika chumba kile.

Fundi alipoletewa habari, alikuwa anapima kitambaa. "Alisema akiliona jina ataondoka," alisema. "Hakusema anakwenda wapi."

Ilianza asubuhi moja Kalamu Nne akisoma barua nyumbani kwake. Neno la mwisho la kila mstari halikuwepo. Alifikiri ni uchapaji. Mchana, mke wake alikaa kulia kwake, na Kalamu Nne alimwita kwa sauti mara tatu asimwone, mpaka mke akamgusa. Madaktari wa macho walimpima, wakasema macho ni mazima. Lakini kila kitu alichokitazama kilikosa kipande upande wa kulia, na kila siku kipande kilikua kidogo.

Binti yake alipona, na jambo hilo akalifanya mchezo. Alikuwa na karatasi pana ya ofisini iliyochorwa nafasi themanini, akiiweka mbele ya baba yake kila mchana baada ya chakula na kuipitisha kalamu kutoka kushoto. "Unaiona, baba? Na sasa?" Siku ya kwanza ilikuwa sabini na mbili. Kisha sabini na moja. Sabini. Leo kalamu ya kijani ilimpotea kwenye ya tisa.

"Nane ndizo unazoziona, baba," alisema mtoto, akaandika. Kisha akatazama upande wa kulia wa baba yake, kule ambako baba hakuona kitu tena, akatabasamu kama mtu anayetazama kazi nzuri.

"Unamtazama nani?" Kalamu Nne aliuliza.

"Huyu mama. Kila siku yuko hapa. Nilimuuliza kama ni changu, akasema la, ni cha mtoto aliyetangulia kwenye kitanda changu."

"Nini, mwanangu? Anafanya nini?"

"Anafuma," mtoto alisema. "Uzi anauvuta machoni kwako. Anakaribia kumaliza. Umebaki mkono mmoja."